Kontena Linapita, Abiria Anashushwa

Mwaka 1946 tajiri mmoja wa reli nchini Marekani, Robert R. Young, mwenyekiti wa kampuni ya Chesapeake & Ohio, alilipia tangazo magazetini ambalo liliwachoma wenzake kuliko hotuba yoyote. Ujumbe ulikuwa mfupi: nguruwe anaweza kuvuka nchi nzima bila kubadilisha treni, lakini wewe msomaji huwezi. Na ilikuwa kweli. Behewa la mifugo likifika Chicago lilikatwa kwenye treni moja, likafungwa kwenye nyingine, safari ikaendelea. Abiria aliyetoka New York kwenda Los Angeles alishushwa palepale Chicago, akabeba masanduku yake, akapanda gari la kampuni ya Parmelee kuvuka mji hadi stesheni nyingine, na huko akaanza kusubiri upya. Mji ule ulikuwa na stesheni kubwa sita za abiria, kila moja na makampuni yake, na treni za masafa marefu ama zilianzia hapo ama ziliishia hapo.

Tangazo hilo limenijia kwa sababu ya Syokimau, stesheni ya Nairobi ya SGR, yaani reli mpya ya Kenya. Mwondoe nguruwe, weka kontena. Kontena likishushwa melini Mombasa linapakiwa kwenye SGR mumo humo bandarini, linapita pembeni mwa Nairobi na linaweza kwenda hadi bandari kavu ya Naivasha bila mtu kulifungua. Abiria wa reli hiyohiyo anaanza kwa kutafuta namna ya kufika Miritini, nje ya kisiwa. Akifika Nairobi anashushwa Syokimau, nje ya katikati ya jiji, na reli inaendelea mbele ya macho yake. Tangu Oktoba 2019 njia hiyo imefika Suswa, kilomita 120 zaidi, kupitia Ongata Rongai, Ngong na Mai Mahiu. Upana ni uleule wa milimita 1,435, mmiliki ni yuleyule, hata vichwa vya treni ni vya ukoo mmoja. Mzigo unapitiliza. Mtu anaambiwa amefika, ashuke, kama ana safari ya mbele atafute treni nyingine.

Niweke msimamo wangu mapema, maana mjadala huu ukianza vijiweni hugawanyika haraka. Wapo wanaotaka kila mkoa uwe na treni yake ya kwenda moja kwa moja, na wapo wanaosema kubadilisha treni ni jambo la kawaida duniani kote, watu waache kudeka. Wote nashindwa kukubaliana nao. Kubadilisha treni si kosa. Kosa ni kumbadilishia abiria kituo, tiketi, mizigo na bahati yake kwa mpigo mmoja, halafu ukaiita hiyo safari moja.

Wanaotetea kubadilisha wana hesabu nzuri, na haifai kuipuuza. Chukua mtandao wenye miji mitano upande wa mashariki, minne upande wa magharibi, na jiji moja katikati. Ukitaka kila mji wa mashariki uwe na treni yake ya kwenda kila mji wa magharibi, unahitaji huduma ishirini. Ukikubali watu wabadilishe katikati, tisa zinatosha. Shirika lenye vichwa na mabehewa ya kuhesabika likichagua ishirini, kila mji utaona treni yake labda mara moja kwa wiki. Likichagua tisa, treni zitapita kila siku, pengine asubuhi na jioni, na aliyekosa ya asubuhi hatalala stesheni. Kwa nchi zetu, ambako uhaba wa vichwa na mabehewa ni wimbo wa kila bajeti, hesabu hii ina uzito mkubwa.

Kuna na uchelewaji. Treni inayokwenda mbali ikikwama kusini inachelewesha kaskazini pia. Wamarekani wanalionja jambo hili sasa. Novemba 2024 Amtrak, shirika lao la treni za abiria, iliunganisha treni yake ya Chicago–Washington na ile iliyokuwa ikitoka New York kupitia Washington hadi Miami, ikapatikana treni moja iitwayo Floridian, Chicago hadi Miami bila kushuka. Sababu hazikuwa huruma kwa abiria: mahandaki ya reli chini ya mto East mjini New York yalikuwa yanaingia kwenye ukarabati, na mabehewa ya ghorofa yalikuwa haba. Hata hivyo abiria akapata alichokuwa akikitamani. Na bei yake nayo ikaja: tatizo lolote la asubuhi huko Florida linaweza kumfikia, siku ya pili yake, mtu anayesubiri usiku wa manane Pittsburgh au Cleveland, ambaye zamani Florida haikumhusu hata kidogo.

Kwa hiyo mhasibu wa shirika la reli akiniambia kubadilisha kuna faida zake, namwelewa. Ninapoachana naye ni pale anapomfikiria abiria. Abiria wa kwenye hesabu yake ni mtu wa begi moja la magurudumu, mwenye miguu mizima, simu yenye chaji na lugha ya kituo. Wapangaji wa usafiri wenyewe wanajua kwamba kubadilisha kunachosha kuliko dakika zinazoonekana kwenye saa. Ndiyo maana kwenye mahesabu yao, kila badiliko huongezewa dakika za adhabu juu ya muda halisi wa kusubiri. Adhabu hiyo ingepimwa kwa mama anayetoka Kigoma na ndoo mbili za mawese, gunia la dagaa, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, ingetoka namba nyingine kabisa.

Mtazame akishuka. Anaanza kwa kumteremsha mtoto wa mkono na kumwamuru asisogee. Ndoo ya kwanza inapitishwa dirishani kwa mtu asiyemjua, ya pili anaishusha mwenyewe huku watu wa nyuma yake wakimsukuma. Gunia linatupwa. Kisha anakalia gunia, kwa sababu akilipa kisogo halitakuwepo. Mpagazi anataja bei, anashusha kidogo, anaondoka akijua ataitwa tena. Akiambiwa treni ya pili iko jukwaa la upande wa pili, kwa ngazi za daraja la juu, hizo ni safari tatu za kwenda na kurudi, na kila safari anaacha nusu ya mali yake kwa mtu baki. Tena hapo tumechukulia kwamba treni ya pili iko kituo hichohicho. Kama iko upande mwingine wa jiji, anaingia mtaani kutafuta gari, na dereva akishaziona zile ndoo bei inapanda.

Reli ya zamani ililijua jambo hili na ilikuwa na jibu ambalo leo tunalisahau. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928 wakati wa Waingereza. Tangu hapo Tabora imekuwa njia panda, na badala ya kuwashusha watu, treni ndiyo iliyozoea kugawanywa. Mabehewa ya Kigoma na mabehewa ya Mwanza yanatoka Dar es Salaam yamefungwa pamoja. Tabora yanakatwa: haya yanapata kichwa chake yanaelekea ziwa Tanganyika, yale yanapata chake yanaelekea ziwa Victoria. Abiria aliyelala anasikia kishindo, kikombe kinaanguka, mtu kwenye korido anauliza tupo wapi, na basi. Aliyeamka ananunua asali dirishani. Kazi ya kubadilisha inafanywa na wafanyakazi wa reli kwa taa na bendera, haifanywi na mama wa ndoo mbili. Abiria wa Mpanda ndiye aliyebaki na kazi ya kushuka Tabora na kungoja treni ya tawi lake, na muulize yeyote wa Katavi kama alikuwa hawaonei wivu wenzake wa Kigoma.

Chicago nao walijaribu njia hiyo. Mwaka uleule wa tangazo la nguruwe, makampuni yalianza kupitisha mabehewa ya kulala kutoka pwani hadi pwani. Behewa lilikatwa stesheni moja, likavutwa taratibu kwenye vichochoro vya reli hadi stesheni nyingine, likafungwa nyuma ya treni ya pili. Zoezi lilichukua saa kadhaa, na abiria aliyetaka angeweza kwenda mjini kula na kurudi. Aliyebadilisha mwenyewe hakuwa anachelewa zaidi ya huyo. Lakini watu walilipia, kwa sababu kitanda kilikuwa chao na masanduku yalikaa chini ya kitanda. Huduma hiyo ilififia miaka ya 1950 ndege zilipowachukua wenye fedha. Leo Amtrak imezikusanya treni zake zote za Chicago ndani ya Union Station, kwa hiyo hata anayebadilisha habadilishi tena kituo. Ile adha kubwa, ya kuvuka mji na masanduku, imekwisha bila mtu kujenga treni ya New York–Los Angeles.

Turudi kwetu, maana hapa ndipo uamuzi unapofanywa sasa hivi, kwa zege. SGR ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo, na Novemba ikaja ile treni ya mchongoko, ya umeme yenye pua iliyochongoka. Dodoma sasa ni chini ya saa nne kutoka Dar. Treni ya zamani huchukua usiku kucha na kipande cha mchana. Kwa hiyo msafiri wa Kigoma au Mwanza amewekewa mbele yake swali lenyewe tunalojadili: akae kwenye behewa moja la reli ya zamani mwanzo hadi mwisho, zaidi ya kilomita 1,200, au apae hadi Dodoma kwa umeme kisha aunganishe?

Kwa saa, uamuzi ungekuwa rahisi. Mtu wa kikao, mwanafunzi mwenye begi la mgongoni, mtumishi anayerudi kazini, hao wataunganisha, tena kwa furaha. Mwenye ndoo atabaki kwenye treni ya zamani, au atakwenda Mbezi kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli, apakie mzigo kwenye buti mara moja na auone tena siku anashuka kwao. Hapo ndipo shirika la reli linapopaswa kutazama kwa makini. Mshindani wake mkubwa ni basi, na silaha kubwa ya basi, zaidi ya mwendo, ni kwamba halikushushi njiani. Abiria wa Kitanzania ana chuki maalumu na kufaulishwa. Basi likiharibika na abiria wakahamishiwa jingine, kelele zake husikika hadi redioni. Huwezi kumchukua mtu huyohuyo ukamuuzia safari ambayo kufaulishwa kumo ndani ya ratiba, halafu ukashangaa mbona viti vya mbele ya Dodoma havijai.

Wakenya wana toleo lao la hoja hii. Ukiuliza kwa nini treni ya Mombasa isipitilize hadi Suswa, utajibiwa kwamba karibu wote wanashuka Nairobi. Ni kweli wanashuka, kwani ndiko treni inakoishia. Ukitaka kujua wangapi wangependa kuendelea, hesabu mabasi ya jioni Mombasa yanayokwenda Kisumu, Busia na Malaba. Wale ni watu wa pwani na wa magharibi ambao Nairobi kwao ni mahali pa kunyoosha miguu tu usiku. Hakuna aliyewalazimisha kupenda basi. Ila basi lina tiketi moja kutoka Mwembe Tayari hadi kwao, wakati safari ya reli ya Mombasa hadi Kisumu, tangu treni ya abiria ya Kisumu iliporudishwa Desemba 2021 kwenye reli ya zamani, ilikuwa ni ya kushuka Syokimau, kupanda treni ya jiji hadi Stesheni Kuu ya Nairobi, na kuanza upya hapo.

Nimtendee haki mwenye Syokimau. Treni ya kuunganisha kati ya Nairobi Terminus, yaani hiyo stesheni ya Syokimau, na katikati ya jiji ni miongoni mwa mambo ya busara yaliyofanywa na Shirika la Reli la Kenya. Majukwaa yako jirani, ratiba imepangwa ifuate Madaraka Express, yaani treni ya abiria ya Mombasa–Nairobi, nauli ni ndogo, na anayeipanda anakwepa msongamano wa barabara ya Mombasa, ambao jioni unaweza kula muda wa kufika Voi. Kabla ya hapo, tangu Juni 2017 reli mpya ilipoanza, watu walikuwa wakisifia mwendo wa treni kisha wanatumia nusu ya muda waliookoa wakibishana na madereva nje ya geti. Lakini treni hiyo ya kuunganisha ilibuniwa kwa mtu anayekwenda mjini. Kwa anayeendelea na safari, bado kuna tiketi ya pili, foleni ya pili, na mashaka ya kama treni ya tatu itamsubiri.

Foleni zenyewe si jambo dogo. Miritini na Syokimau, kabla hujapanda, mabegi hupangwa mstari sakafuni, watu wanarudi nyuma, mbwa wa polisi anapita akinusa moja baada ya jingine. Kisha mashine, kisha kitambulisho na tiketi. Sina ugomvi na utaratibu huo, na mara moja mtu anauvumilia hata kwa utani. Lakini kila badiliko linalomtoa abiria nje ya eneo lililokaguliwa na kumrudisha mlangoni linamrejesha kwa mbwa. Kituo cha kubadilishia kinachostahili jina hilo lazima kiwe na mlango wa ndani: unashuka, unavuka, unapanda, aliyekukagua Mombasa ameshakukagua.

Wanaosema watu wetu hawapendi kubadilisha waende uwanja wa ndege. Mtu wa Dar anayekwenda London anabadilisha ndege Addis Ababa au Doha, na hatumsikii akilia. Begi lake lilichukuliwa Dar na ataliona London. Tiketi yake ni moja. Ndege ya kwanza ikichelewa akaikosa ya pili, ni wajibu wa shirika kumtafutia nyingine, na yeye anajua hivyo kabla hajaondoka nyumbani. Kwa masharti hayo matatu, watu walewale wanaochukia kufaulishwa barabarani wanabadilisha ndege katika nchi ya kigeni, usiku, kwa lugha wasiyoijua.

La begi ndilo ningelianza nalo kama ningepewa fimbo ya kuamuru. SGR ina kanuni zake za mizigo, na ndani ya behewa la kisasa sioni ubaya wake. Hakuna anayetaka mawese yamwagike kwenye zulia. Lakini kanuni inayosema mzigo huu hauingii inapaswa kufuatwa na dirisha linalosema basi lete hapa. Behewa moja la mizigo ya abiria, kibandiko chenye namba, stakabadhi mkononi: mzigo unapokelewa Dar na unatolewa Kigoma, na kazi yote ya kuuhamisha Dodoma ni ya shirika. Reli inayoweza kupitisha kontena la tani ishirini bila kulifungua haiwezi kushindwa na ndoo. Mama akishakuwa mikono mitupu, na mtoto mgongoni tu, zile dakika za adhabu zinashuka, na hapo ndipo mhasibu wetu anaweza kuanza kudai haki ya treni zake tisa.

Kuhusu muda, wa kuwaiga ni Waswisi, ambao hawana treni za kasi ya kutisha. Mwaka 1982 walianza ratiba ya nchi nzima ambayo treni hupita kila saa, dakika ileile. Baadaye wakaamua kwamba treni za pande zote zikutane kwenye vituo vikubwa kama Zürich na Bern karibu na saa kamili, zikae kidogo watu wabadilishane, kisha zitawanyike. Ili hilo liwezekane, safari kati ya vituo hivyo viwili ilipaswa iwe chini kidogo ya saa moja. Wakajenga kipande cha reli mpya kati ya Mattstetten na Rothrist, kikafunguliwa Desemba 2004, kwa lengo hilohilo. Hawakuuliza treni inaweza kukimbia kiasi gani. Waliuliza inapaswa kufika lini, ndipo wakachora reli. Sisi tunakata utepe kwanza, tunataja kilomita kwa saa, ratiba tunaiandika baadaye kulingana na vichwa vilivyopo.

Kuna mahali pamoja ambapo sikubali kubadilisha hata kwa masharti hayo, nako ni usiku. Treni ya usiku ya Mombasa huondoka saa nne na kufika Nairobi kabla hapajapambazuka. Mtu aliyeamshwa saa hiyo, na mzee au mgonjwa anayekwenda hospitali, hahitaji kituo kizuri, anahitaji kuachwa alale. Treni za usiku ziende mbali au zisiende kabisa.

Na mpaka? Hapo mfano mchungu ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, sawasawa na reli za Zambia na kusini kwake, ili treni iweze kupita. Mizigo inapita. Abiria anaishia Kapiri Mposhi, kwenye stesheni ya TAZARA, na stesheni ya Shirika la Reli la Zambia iko sehemu nyingine ya mji huohuo. Wengi wa kwenda Lusaka humalizia kwa basi. Kwa miaka mingi aliyekuwa akipita hapo bila kushuka ni mtalii wa Rovos Rail, treni ya anasa inayotoka Cape Town hadi Dar es Salaam kwa siku kama kumi na tano, na mvinyo mezani. Kwa hiyo reli haikukataa, na mpaka haukukataa. Nguruwe wa Chicago angejisikia nyumbani. Sasa TAZARA inaingia kwenye ukarabati mkubwa kwa mkataba na kampuni ya Kichina CCECC, mazungumzo mengi yakiwa ni ya shaba. Ningependa kuona, mahali fulani katika mkataba huo, mstari mmoja wa jinsi mtu wa Mbeya atakavyofika Lusaka.

Malaba nako kunakuja. Uganda ilisaini Oktoba 2024 na Yapı Merkezi ya Uturuki ujenzi wa SGR ya kilomita 272 kati ya Malaba na Kampala, na itakuwa ya umeme, wakati ya Kenya inatumia dizeli. Tayari nasikia watu wakisema basi abiria watabadilisha Malaba. Kwa nini? Kinachobadilika hapo ni kichwa cha treni. Kichwa kinakatwa, kingine kinafungwa, maofisa wa uhamiaji wanapita ndani ya mabehewa wakigonga mihuri, na watu wamekaa. Enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli, na mpaka haukuwa mwisho wa treni.

Ila kwa sasa mimi naitazama Tabora. SGR inajengwa kutoka Makutupora kwenda huko, kilomita 368. Kutoka Tabora inakwenda Isaka na Mwanza upande mmoja, na Kigoma upande mwingine, kilomita 506. Na kutoka Uvinza litachipuka tawi la kuingia Burundi kupitia Musongati. Njia panda itakuwa palepale ilipokuwa mwaka 1928. Treni ya mchongoko ni seti ya mabehewa manane, na kwingine duniani treni za aina hiyo hufungwa mbili pamoja na kukatwa njiani bila kelele: pale Hamm, mji wa kawaida tu wa Ujerumani, treni ya kasi ya ICE inayotoka Berlin hukatwa vipande viwili kwa dakika chache, kimoja kinapita Wuppertal kwenda Köln, kingine kinapita Essen kwenda Düsseldorf, na abiria wanaendelea kusoma magazeti yao. Lakini ili ufanye hivyo unahitaji jukwaa refu la kutosha seti mbili, mitambo ya ishara inayoruhusu treni kuingia mahali penye treni nyingine, na wahudumu wa zamu usiku. Kama tutachagua watu wabadilishe badala yake, basi tunahitaji majukwaa mawili yanayotazamana, treni moja kila upande, hatua chache za kuvuka bila ngazi, na mlango wa ndani. Ni michoro miwili tofauti ya stesheni moja, na zege likishakauka huwezi kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine. Katika habari za mradi huu tunaonyeshwa picha za paa. Waandishi wenzangu mnaokwenda kwenye ziara za mawaziri, mkifika Tabora ulizeni urefu wa jukwaa.